Vanishi si mng'aro

Juzi mdogo wangu alinisomea kwa simu oda ya meza 14 za ofisi. Kazini kwao, hapa Dar es Salaam, yeye ndiye kakabidhiwa manunuzi, na alitaka nimwambie kama bei ni ya haki. Oda ilisema: "Mbao ya mninga, zipigwe vanishi zing'ae." Nikamuuliza, vanishi gani? Akajibu, "Kaka, vanishi si vanishi tu?"

Jibu hilo nimelisikia kwa wateja, kwa wauza fenicha, hata kwa mafundi wanaojua vizuri kwamba sivyo. Nimeona niliandikie.

Vanishi ni utomvu, wa mti au wa kiwandani, uliolainishwa kwa mafuta au kimiminika kingine, ukapakwa juu ya mbao, ukakauka na kubaki ngozi nyembamba inayoonyesha mbao iliyo chini yake. Hiyo ndiyo maana yake yote. Kung'aa hakumo. Ngozi hiyo hiyo ikichanganywa na unga laini wa silika hufifia, isiakisi taa, na bado ni vanishi.

Jina tumelitoa kwenye Kiingereza, Waingereza wakalitoa kwenye Kifaransa cha kale, na Kifaransa kikalitoa kwenye Kilatini cha zama za kati, ambamo vernix ilikuwa utomvu wenye harufu nzuri. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno hulirudisha nyuma zaidi, hadi Berenike, jina la Kigiriki la mji ambao leo ni Benghazi nchini Libya. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lilitaja kitu cha kunata kitokacho mtini. Halikutaja mng'aro.

Nasi pwani hii tulikuwa na kitu chenyewe kabla ya kulipokea neno. Kiliitwa sandarusi, na bado kinaitwa hivyo. Ni utomvu wa msandarusi, na ulio bora haukukwangwa mtini. Ulichimbwa kwenye mchanga wa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilikuwa imeshatoweka na utomvu wake umekaa ardhini muda mrefu mno hadi ukawa mgumu. Ulivushwa Unguja, ukapakiwa majahazini na kwenye meli za kigeni. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na konsuli wake wa kwanza aliyefika Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem, Massachusetts. Salem ndiko sandarusi yetu ilikooshwa kwa magadi ili gamba la udongo litoke. Ikishaoshwa, uso wake ulibaki na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa, na kwa vipele hivyo mnunuzi aliitambua. Kisha ilikwenda kwa watengeneza vanishi, ikayeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani, ikapakwa kwenye magari ya farasi yaliyoshinda mvuani na kwenye matope.

Lililonigusa zaidi katika habari hii ni neno jingine, chakazi. Ndivyo watu wa pwani walivyoiita sandarusi changa, ile iliyotoka mtini au iliyokaa chini kidogo tu, laini, isiyofaa kwa vanishi ngumu. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba wafanyabiashara wa kigeni waliligeuza neno hilo wakaiita "jackass", yaani punda dume. Wageni walilipotosha neno, lakini tofauti waliishika, kwa sababu aliyenunua chakazi kwa bei ya sandarusi alikula hasara. Mchimbaji wa Mrima, jembe mkononi, alikuwa na maneno mawili ya kutenganisha utomvu mgumu na mlaini. Sisi leo tuna neno moja kwa vitu vinne, na tunalipia meza za mamilioni.

Vitu vyenyewe ni hivi. Seela hujaza vinyweleo vya mbao ili msasa upite vizuri. Ni msingi, na meza iliyoachwa na seela peke yake haijamalizwa. Polishi ya asili ni magamba ya laka, utomvu unaoachwa na wadudu wa India, yakayeyushwa kwenye spiriti. Uzuri wake hauna mfano, lakini spiriti iliyoyayeyusha itayayeyusha tena. Laka ya kupulizia, ambayo si ile ya wadudu, hukauka haraka kwa sababu tina, kimiminika kilichoiyeyusha, inaruka hewani, na mafundi huipenda kwa hilo. Nayo tina ikiirudia, hulainika. Poliyurethani ya makopo mawili, la utomvu na la hadina, yaani dawa ya kukazisha, hukazana yenyewe kwa yenyewe, na ikishakaza hakuna tina ya kuirudisha nyuma.

Nina meza moja ya mapokezi ninayoikumbuka. Ilikuwa ya mninga, imepigwa polishi ya spiriti, inaakisi dirisha lote. Wakaweka juu yake chupa ya sanitaiza, ambayo nayo ina spiriti. Baada ya miezi michache, mahali pa chupa palikuwa pananata, ukiweka karatasi inaacha nyuzi, na pembeni yake kulikuwa na duara jeupe la kikombe cha chai, unyevu ulioingia kwenye ngozi usitoke. Mwenye ofisi alilalamika kwamba mninga umeharibika. Mninga ulikuwa mzima. Kilichoharibika ni ngozi ya polishi juu yake, isiyofika hata unene wa karatasi.

Na hapa ndipo mng'aro unapodanganya. Meza inayong'aa sana dukani haikwambii ngozi yake ni ngumu kiasi gani, na ikifika ofisini inaonyesha kila mkwaruzo wa kipanya na pete, tena inakurudishia taa ya dari machoni. Inayofifia huficha mikwaruzo hiyo. Wala vanishi yoyote haiokoi mbao mbichi. Mbao ikisinyaa, ngozi hupasuka nayo.

(Fomeka ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni tabaka la karatasi na utomvu lililoshindiliwa kwa joto, kisha likagundishwa. Haipigwi vanishi, na anayekwambia imepigwa mwulize tena taratibu.)

Mdogo wangu nilimrudishia mstari huu: "Mninga mkavu, msasa hadi namba 240, seela inayoendana na vanishi, kisha poliyurethani ya makopo mawili, ipakwe mikono mitatu juu, isiyong'aa, chini ya meza nako kupakwe." Akaogopa kwamba fundi akisoma "isiyong'aa" atadhani hatutaki vanishi. Nimemwambia aliache neno lilivyo, na fundi akipiga simu kuuliza, amweleze.