Pigmenti za printi za kaboni: watu wanavyodhani na ukweli wenyewe

Watu wengi wakianza kuprinti picha kwa kaboni wanahangaika na negativu, taa, karatasi, halafu ikifika kwenye pigmenti wanachukua weusi wowote uliopo. Na pigmenti ndo picha yenyewe! Mle ndani hamna chembe za fedha kama kwenye picha za kawaida za chumba cha giza, ni jelatini iliyogandishwa na mwanga ikashikilia chembe za rangi, basi.

Kuna dhana kwamba nyeusi ni nyeusi tu. Sio kweli kabisa. Soma ule msimbo mdogo wa herufi na namba kwenye tyubu, maana jina kubwa la mbele kampuni inajiandikia inavyotaka ila msimbo unakwambia kilichomo. PBk7 ni kaboni, PBk6 ni masizi ya taa, PBk9 ni mifupa iliyochomwa, PBk11 ni oksaidi ya chuma. Kwenye vivuli vizito karibu zote zinafanana, tofauti inajitokeza kwenye toni nyepesi, masizi ya taa mara nyingi yanaelekea bluu na ile ya mifupa inaelekea kahawia. Kwa hiyo usiamue rangi kwa kuchungulia kwenye chombo, chukua tone moja uliweke kwenye karatasi ile ile utakayohamishia picha, livute kwa kidole mpaka liishe, liache likauke kabisa, alafu tazama ule mwisho mwembamba. Pale ndo utaona mawingu na ngozi ya mtu vitakavyotoka.

Dhana inayoharibu kazi nyingi zaidi ni hii: ukitaka weusi wa nguvu, jaza pigmenti. Pigmenti inatia rangi, sawa, lakini pia inazuia UV, ile miale inayogandisha jelatini, isipenye. Ukiijaza sana mwanga unaishia juu juu, jelatini inayoganda inakuwa nyembamba, kontrasti inapanda na toni nyepesi zinaondoka na maji ya moto ya kuoshea jelatini isiyoganda, hata yakiwa ya nyuzi 40 tu. Ukipunguza, mwanga unazama zaidi, jelatini inaganda nene na printi inapata mwinuko unaouona kabisa ukiinamisha karatasi dirishani (mimi hapo ndo napapenda zaidi), ila kontrasti inashuka na utahitaji negativu kali zaidi. Dikromati, ile kemikali inayoifanya jelatini igande kwa mwanga, nayo ina mkono wake, ikiwa hafifu inapandisha kontrasti, ikiwa nyingi inaishusha. Na kwa sababu mwanga unagandisha kuanzia juu, ndo maana tangu mvumbuzi Mwingereza Joseph Swan alipopata hataza yake ya njia hii mwaka 1864 picha inahamishiwa karatasi nyingine ili ioshwe kwa upande wa nyuma.

Eti rangi yoyote inayokubali maji inafaa? Hapana. Wino ambao rangi yake imeyeyuka, sio chembe za pigmenti, utatoka na maji na kuchafua karatasi. Rangi za maji za tyubu ni salama zaidi kwa sababu zimeshasagwa vizuri. Ukitumia unga, usage juu ya kioo na maji kidogo mpaka usisikie mchanga, kisha chuja, kwani chembe kubwa zinazama jelatini ikiwa bado majimaji na printi inatoka na madoa.

Kuongeza nyeupe ili rangi iwe nyepesi, usijaribu. Weupe unatoka kwenye karatasi, nyeupe ya titani itakuletea ukungu wa maziwa kwenye vivuli. Kupasha toni joto tumia PBr7 (kahawia), kuipoza PB15 (bluu) lakini tone kwa tone, ina nguvu sana. Na kila ukibadilisha mchanganyiko pima upya muda wa mwanga, kahawia zenye chuma zinameza UV na muda wa ile nyeusi hautakufaa.

Dhana ya mwisho, eti printi ya kaboni haipauki milele. Kaboni yenyewe haipauki, ila ulichoichanganyia je? Alizarin, nyekundu ya PR83, inapauka, na ikipauka toni ya picha nzima inabadilika. Ukitaka weusi wenye zambarau kidogo chukua PV19, inavumilia mwanga vizuri zaidi.