Msumeno umegongwa "GERMAN STEEL" na bado siyo wa Mjerumani

Hapa Moshi chuma chochote kikishapata kutu na mwenyewe hajui kimetoka wapi basi kinaitwa cha Mjerumani, nyundo ya Mjerumani, kufuli la Mjerumani, na kwa reli ni kweli kabisa maana ile ya kutoka Tanga ilifika hapa 1911 Mjerumani akiwa bado yupo, ila kwenye misumeno watu tunapotea sana. Mimi kazi yangu ni kutunza vifaa vya mafundi wa zamani kwenye makumbusho, na hili swali naulizwa karibu kila wiki.

Juzi kaja kijana kutoka Old Moshi na msumeno wa babu yake kaufunga kwenye salfeti. "Shikamoo mzee, huu umeandikwa GERMAN STEEL, si ndo wa Mjerumani?" Marahaba, nikauweka mezani pale dirishani. Maandishi yapo kweli, yamegongwa karibu na mpini. Lakini hayo maneno siyo nchi ulikotoka, ni aina ya chuma! Viwanda vya Uingereza, hasa mji wa Sheffield, enzi hizo vilikuwa vinagonga kwenye misumeno yao daraja la chuma, kuna GERMAN STEEL, kuna LONDON SPRING, kuna CAST STEEL ambacho ni chuma kilichoyeyushwa kwenye vyungu, ufundi ulioanzia kwa fundi Benjamin Huntsman huko Sheffield miaka ya 1740. Kwa hiyo ukikuta CAST STEEL usiseme ni jina la kampuni, hiyo nasikia mpaka kwa mafundi wazuri tu. Jina la mtengenezaji hukaa jirani na maneno hayo, na kwenye huu wa kijana pale palikuwa panang'aa kama sufuria mpya. Aliupeleka kwa fundi wa kuchomelea akapitisha grainda ili "uwe safi", jina likaondoka na vumbi. Iliniuma, nasema kweli, maana kutu ingetoka taratibu tu na jina lingebaki.

Ndo maana naomba sana, kabla hujagusa grainda wala brashi ya waya, angalia kwanza. Shika msumeno meno yakiwa chini na mpini uwe kulia kwako, upande huo unaokutazama ndo wenye maandishi mara nyingi. Misumeno ya zamani zaidi jina liligongwa kwa nguvu karibu na mpini, ya baadaye jina na picha vilichorwa kwa asidi katikati ya bapa, yaani lile bamba la chuma lenye meno, na mchoro wa asidi ni mwembamba mno, yaani unafutika kwa msasa wa dakika mbili. Toka nao nje asubuhi jua likiwa chini, au mulika tochi ya simu kwa ubavu, siyo kutoka juu, utaona herufi zinavyojitokeza kwenye kutu. Ukishindwa, chukua msasa wa maji namba 400, uufunge kwenye kibao kigumu kilichonyooka, weka mafuta ya taa kidogo, sugua polepole kufuata urefu wa bapa. Kibao kinagusa juu tu, herufi zilizozama zinabaki nyeusi. Ukiziona, acha hapohapo! Piga picha.

Sasa kama jina halipo kabisa, angalia nati zilizoshika mpini, mimi huwa naanzia huko. Nati za zamani ni za shaba ya njano, bapa, zimelala sawasawa na mbao na zina mkato katikati, na usizifungue kwa bisibisi ya kawaida maana ncha ya skrubu inatokeza katikati ya nati na kuzuia, bisibisi inateleza inakwangua shaba, inabidi uikate bisibisi yako pengo katikati ya ncha. Zilitumika sana karne ya 19, Waingereza wakakaa nazo muda mrefu kuliko Wamarekani waliohamia nati za kichwa cha mviringo, kwa hiyo nati peke yake haikupi mwaka. Mbao nayo inasema: misumeno mingi ya Uingereza ina mpini wa mti unaoitwa beech, una vidoa virefu vidogo vya kahawia kama manyunyu, Wamarekani walipenda mti wa tufaha kwa ile ya bei.

Nati moja kubwa ikiwa na medali, yaani kichwa chenye picha au maandishi, isome, ila kwa uangalifu. WARRANTED SUPERIOR maana yake ubora umedhaminiwa, basi, siyo mtu wala kampuni. Viwanda vingi viliitumia kwa misumeno ya kuuzwa madukani, hata Disston, kiwanda cha Philadelphia huko Marekani ambacho Henry Disston alianza 1840, na wakati mwingine jina lililochorwa kwenye bapa ni la mwenye duka tu. Medali yenye tai mara nyingi ni Marekani, yenye simba na farasi wa pembe moja ni Uingereza. Samaki na ndoano ni alama ya kiwanda cha Sandvik cha Sweden. Mshale mpana wenye mistari mitatu ni mali ya serikali ya Uingereza, siyo alama ya kiwanda. Na ile namba ndogo kwenye kona, 8 au 10, siyo modeli wala mwaka, ni hesabu ya ncha za meno kwenye inchi moja.

Mpini ukishatoka kwa usalama, pima umbali kati ya matundu na uchore umbo la bapa kwenye karatasi, halafu linganisha na msumeno wenye jina. Ukikuta matundu ya ziada ujue mpini ulishabadilishwa, kwa hiyo usitumie mpini kuutambua msumeno.

Huu wa kijana nati zilikuwa bapa, mpini beech, matundu yanalingana, na juu karibu na ncha ya bapa kuna kijino kidogo cha urembo ambacho misumeno mipya haina. Tukaandika: Uingereza, mtengenezaji hajulikani. Sikutaja Sheffield kwa sababu ushahidi wenyewe ulishasagwa.

Nikaugeuza mpini. Kuna herufi zimegongwa mara mbili za watu tofauti, wenye nao wa zamani hao, watu huwa wanadhani ni kiwanda. Chini yake kuna herufi mbili zimechomwa kwa msumari wa moto, zimepinda kidogo. Kijana akazigusa kwa kidole gumba akanyamaza, kisha akasema hizo ni za babu, alichoma hivyohivyo na kwenye randa yake, ipo nyumbani. Nimemwambia ailete Jumatatu, na asiioshe.