Uongo wa mtaani kuhusu kufunga saspensheni mpya ya nyuma kwenye Camaro, Mustang na Chevelle za zamani

Nazungumzia magari ya misuli ya Marekani, yale ya kuanzia 1964 hivi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, V8 kubwa mbele na ekseli moja nzima nyuma, na nazungumzia mtu anayetaka kulipeleka kwenye sakiti yenye kona, sio mbio za robo maili za kunyooka moja kwa moja. Watu wanapoteza hela nyingi sana hapa na inaniuma kwa sababu gari zenyewe haziongezeki, kila inayokatwakatwa vibaya imeondoka hiyo.

Kabla ya yote shika kitu kimoja. Saspensheni ya nyuma ina kazi mbili. Ya kwanza ni kubeba uzito na kutuliza mdundo, hiyo ni springi na shokapu. Ya pili ni kuishika ekseli ikae pale inapotakiwa, isiende mbele wala nyuma wala pembeni, na isijinyonge ukikanyaga mafuta. Karibu kila uongo nitakaoutaja unatokana na mtu kuchanganya hizo kazi mbili.

DHANA: Springi za majani ni za malori, ukiwa nazo hutaenda popote sakiti

Hii ndo kubwa kuliko zote. Mtu ana Camaro ya 1969, anachungulia chini anaona pleti zimepangwa kama za Hilux, anaamua gari haifai mpaka ang'oe kila kitu. Sasa sikiliza, Shelby GT350 iliyotokana na Mustang ilibeba ubingwa wa SCCA, chama cha mbio za magari Marekani, daraja la B-Production 1965, 1966 na 1967, nyuma ina springi za majani. Dereva Mark Donohue kwenye Camaro ya timu ya Roger Penske alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am, ligi ya sakiti ya Marekani, mwaka 1968, nyuma majani. Na Corvette imekaa na springi ya jani nyuma kuanzia 1963 mpaka 2019! Ila hapo angalia vizuri, jani la Corvette limelazwa kwa upana wa gari na linabeba uzito tu, kazi ya kushika magurudumu inafanywa na mikono, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu au ekseli na bodi. Kwahiyo jani kama springi halina kosa lolote.

Shida ya jani la Camaro na Mustang ni kwamba linafanya kazi zote mbili peke yake. Linabeba gari, alafu hapohapo ndo linaishika ekseli. Ukikanyaga mafuta ekseli inataka kuzunguka kinyume na matairi, jani linapinda kama herufi S, likichoka kupinda linajirudisha ghafla, tairi linaanza kudundadunda. GM wenyewe, watengenezaji wa Camaro, waliliona hilo, Camaro za 1967 zilikuja na jani moja tu kila upande na zilidunda sana, 1968 wakapanga shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili kutuliza, na zile zenye injini kali wakazipa majani mengi. Na kwenye kona jani linajikunja kwa pembeni, bushi za raba nazo zinaachia, ekseli inahama mpaka tairi linagusa fenda.

Kwahiyo majani mazuri mapya, bushi nzuri na shokapu za maana yanakufikisha mbali sana, na mtu ambaye ndo anaanza kwenda sakiti ningemwambia abaki hapo mwaka mzima kwanza ajue gari yake.

DHANA: Ekseli nzima ni ushamba, weka saspensheni huru ndo utakimbia

Saspensheni huru ni nzuri, sibishi, hasa barabara yenye mashimo, gurudumu moja likiruka mwenzake hahusiki. Ila NASCAR, mbio kubwa za magari Marekani, ligi kuu walikimbia na ekseli nzima mpaka 2021, ndo 2022 wakabadilisha, na mikono mirefu iliyokuwa inashika hizo ekseli ilitokana na pikapu za Chevrolet za miaka ya 60. Mustang nayo toleo la kawaida ilikaa na ekseli nzima mpaka 2014. Faida yake kwenye lami laini ni kwamba matairi yote mawili yanabaki yamesimama wima hata bodi ikilala. Hasara ni uzito usiobebwa na springi, difu zito kama lile la Ford la inchi 9 likirushwa na tuta linachukua muda kutulia, na hapo ndo shokapu nzuri inalipa kuliko kitu kingine chochote utakachonunua.

Kukata sakafu ya gari ya 1969 uingize saspensheni huru ni kazi kubwa, na ikikosewa vipimo inakuwa mbaya kuliko ulichotoa.

"Kaza springi, gari ikiwa ngumu inakimbia"

Hapana. Tairi linashika lami likiwa limekandamizwa muda wote, gari ngumu kupita kiasi inaruka juu ya matuta madogo ya sakiti na tairi likiwa hewani halishiki kitu. Baa nene ya stabilaiza, chuma kinachozuia bodi kulala kwenye kona, ukiifunga nyuma ni vilevile, mtu anafunga kwa sababu bodi inalala, ni kweli kulala kunapungua, lakini uzito umehamishiwa tairi la nje, la ndani limekuwa jepesi, ukitoka kwenye kona linazunguka bure kama difu yako haina loki ya kugawa nguvu, na kwenye maji mkia unakuchapa.

DHANA: Mikono minne ni mikono minne, nunua yoyote

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye hela. Chevelle, GTO na ndugu zao wa 1964 mpaka 1972 tayari zina mikono minne na springi za koili toka kiwandani, miwili ya juu imekaa mshazari ili ishike ekseli isiende pembeni. Mpangilio huo una kitu watu hawakijui, bodi ikilala ile mikono lazima ijinyonge kidogo, na raba za kiwandani ndo zilikuwa zinaruhusu. Sasa mtu anatoa raba zote anaweka bushi za poliyurethani, plastiki ngumu, kwa sababu kaambiwa ngumu ni bora, mikono haiwezi tena kujinyonga, saspensheni inakwama, na ikikwama inafanya kazi kama baa kubwa ya stabilaiza ambayo hukuiomba. Nimeendesha Chevelle ya rafiki yangu ikiwa hivyo, katikati ya kona ilikuwa inashika vizuri tu alafu ghafla nyuma ikaachia bila kutoa dalili yoyote. Tuliweka mikono yenye jointi za kichwa cha mviringo zinazozunguka kila upande, ikawa gari nyingine. Zipo pia seti za mikono minne za Camaro na Mustang zenye mikono inayoweza kujizungusha yenyewe katikati, na hicho ndo kitu cha kuuliza kabla ya kulipa: bodi ikilala, huu mkono unajinyonga wapi?

Na ogopa seti za robo maili. Zile zimepangwa ekseli ikandamize matairi kwa nguvu gari ikichomoka, safi kwa kwenda moja kwa moja, ila ukishika breki kali unaingia kona nguvu inarudi kinyume na nyuma inaanza kudunda. Ladabaa, zile fremu mbili ndefu zilizokazwa kwenye ekseli bila kuachia, ndo mbaya zaidi, zinazuia bodi kulala kabisa.

Baa ya Panhard au linki ya Watt

Hivi vyote viwili kazi yake ni kuzuia ekseli isiende pembeni: Panhard ni chuma kimoja kutoka kwenye ekseli mpaka kwenye bodi, Watt ni vyuma viwili vinavyokutana kwenye kipande kinachozunguka katikati. Wanasema Panhard haifai kwa sababu inasukuma ekseli pembeni ikipanda na kushuka. Inasukuma kweli, tupige hesabu basi. Baa ya mita 1 iliyolala sambamba na ardhi, ekseli ikipanda sentimita 5, inahama pembeni milimita 1.25. Moja na robo! Hutaisikia. Linki ya Watt inaenda wima zaidi, ni kweli, na gari haibadiliki tabia kona ya kushoto na ya kulia, ila ina uzito na jointi nyingi za kuchunga. Baa fupi iliyofungwa mshazari ndo tatizo, sio Panhard yenyewe.

Kushusha gari

Kushusha kunasaidia, uzito unakaa chini. Lakini ukishusha bila kurekebisha pointi za mikono, pembe zote zimebadilika, ekseli haikandamizi matairi kama mwanzo ukitoka kwenye kona, na nafasi ya kupanda imeisha, inagonga stopa. Kuna breketi za kushusha pointi ya mkono kule kwenye ekseli, sio ghali, zifungwe siku hiyohiyo.

DHANA: Nyuma ikiwa safi imetosha

Matairi ya wakati ule, kama saizi ya F70-14, yalishika kidogo sana ukilinganisha na matairi ya radial ya leo, ukifunga tairi pana la kisasa unaleta nguvu ambazo bodi haikuwahi kuziona. Camaro ya kizazi cha kwanza mbele ina chasisi ndogo iliyofungwa kwa bolti na raba, nyuma ni bodi tupu, inajinyonga katikati, shokapu zako za bei mbaya zinapigana na bodi badala ya lami. Unganisha chasisi ya mbele na bodi ya nyuma kwanza, gari ikiwa imesimama kwenye uzito wake, ukichomelea ikining'inia umeifunga na upindo wake.

Kama umebaki na bushi za raba, bolti zake za mwisho zikazwe gari ikiwa chini imekalia matairi. Ukikaza ikiwa juu ya jeki raba inajinyonga siku gari inashuka na itachanika mapema. Na zile yubolti za springi rudia kuzikaza baada ya raundi za kwanza, huwa zinalegea.