Je, wajua kwa nini mikaratusi ya siku hizi inafanana kama mapacha?

Ukisimama kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara za Nairobi na kuulizia mkaratusi, muuzaji atakurudishia swali: "Wa mbegu ama wa kloni?" Ukiitazama miche yenyewe huoni tofauti. Kimo ni kilekile na majani ni yaleyale, ila ule wa kloni, yaani nakala ya mti mmoja uliochaguliwa, ni ghali zaidi. Mara ya kwanza nilidhani napigwa bei kwa neno la kizungu. Tofauti huonekana baadaye, shambani: mikaratusi ya mbegu huwa na mnene, mwembamba na kibiongo, na ile ya kloni husimama kama askari kwenye gwaride.

Mkaratusi si mwenyeji hapa. Ulitoka Australia, na nchini Kenya ulianza kupandwa mwaka 1902 ili kupata kuni za gari moshi la Reli ya Uganda. Tangu hapo ulizalishwa kwa mbegu, na mbegu ni kama watoto wa mama mmoja: huyu kamfuata baba, yule kamfuata nyanya, na mwingine hajulikani kamfuata nani. Kwa kuni hilo si tatizo, lakini anayetaka nguzo za stima hana kazi na mti uliopinda.

Ndipo wataalamu wa misitu wakaozesha jamii mbili za mikaratusi. Eucalyptus grandis hurefuka haraka na kunyooka, lakini hauvumilii ukame. Eucalyptus camaldulensis huvumilia ukame, lakini mara nyingi shina lake hupinda. Mtoto bora wa ndoa hiyo huchukua mbio za upande mmoja na uvumilivu wa upande wa pili. Mwaka 1997 ulianzishwa mradi wa bioteknolojia ya miti hapo Karura, Nairobi, na chotara hao wakaletwa kutoka Afrika Kusini.

Tatizo ni kwamba sifa za chotara hazikai kwenye mbegu. Ukipanda mbegu zake, wajukuu hutawanyika: wengine hurudi kwa babu mmoja, wengine kwa mwingine. Njia ya kumpata yuleyule ni kutoipitia mbegu kabisa.

Mkulima yeyote anaijua njia hiyo hata kama hajawahi kusikia neno kloni. Pingili ya muhogo au ya muwa ukiichomeka ardhini hukupa mmea uleule uliokatwa, na viazi vitamu hupandwa kwa marando. Miti mikubwa ndiyo migumu. Tawi la mkaratusi uliokomaa hukataa kutoa mizizi. Hivyo mti uliochaguliwa hukatwa, kisiki kikaachwa kichipue. Machipukizi hayo yana ujana ndani yake hata kama kisiki ni kizee. Hukatwa vipande vifupi, vikachovywa kwenye homoni ya mizizi na kuwekwa kwenye banda lenye ukungu wa maji ili majani yasinyauke kabla mizizi haijatoka. Inayokubali huwa miti mama: hupogolewa kama ua wa nyumba, na kila inapochipua hutoa vipande vipya.

Ipo pia njia ya maabara, ileile iliyotuletea migomba ya tishu. Kijichipukizi kidogo husafishwa vijidudu, kikalazwa kwenye chupa yenye uji mzito wa sukari, madini na homoni, kikazaa vingine, navyo vikagawanywa tena.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi huchanganya. Kloni si mti uliobadilishwa jeni (vinasaba). Hakuna jeni ngeni iliyopachikwa kwenye mche huo wa kando ya barabara. Umenakiliwa tu. Miti iliyobadilishwa jeni ipo kwingineko: China, kwa mfano, iliidhinisha mwaka 2002 mipopla iliyopewa jeni ya bakteria inayoua viwavi.

Kufanana huko, ambako ndiko faida yote, ndiko pia kunakonitia wasiwasi. Mwaka 2002 kijinyigu kiitwacho Leptocybe invasa, naye mzaliwa wa Australia, kilionekana magharibi mwa Kenya. Hutaga mayai kwenye vikonyo na mishipa ya majani, na mti huota vinundu hadi machipukizi yakadumaa. Baadhi ya kloni zilishambuliwa vibaya. Katika shamba la mbegu, baadhi ya miti huweza kuponyoka kwa kuwa si sawa na jirani yake. Katika shamba la kloni moja, anayempata mmoja amewapata wote.

Mimi huona kazi inayofanyiwa miti yetu wenyewe ikiwa na utamu zaidi. Mukau wa Ukambani hutoa mbao nzuri na huvumilia ukame, lakini mbegu yake imejifungia ndani ya kokwa gumu ambalo sharti lipasuliwe kwa mkono. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, yenye makao yake Muguga nje kidogo ya Nairobi, ilishirikiana na Wajapani kuteua mukau bora na kuanzisha mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi. Hapo nakala za miti mingi tofauti, zilizopandikizwa juu ya mashina mengine, hukaa pamoja zikachavushana, kwa hiyo ubora unapanda na tofauti inabaki.

Na huko Gigiri, watafiti wa kilimo mseto wamo katika mpango wa kusoma vinasaba vya mimea 101 ya chakula cha Afrika, ikiwemo mibuyu na milonge. Mti huchukua miaka kabla haujazaa, na mtafiti hawezi kungoja kila kizazi kikue ndipo ajue kama alichagua vyema. Akijua alama za sifa nzuri kwenye vinasaba, jani moja la mche linaweza kumpa jibu mapema.

Kuhusu maji, kloni haikubadilisha kitu. Mkaratusi ni mkaratusi, hunywa maji mengi, na mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Nilipomtajia muuzaji wangu kwamba shamba letu linapakana na kijito, aliirudisha miche chini. "Basi hiyo wacha, mama," akasema, akanionyesha mianzi.