Kuanguka Kutoka Ubaoni: Fundisho la Kwanza Kabla ya Kusi Kushika

Kusi ikishavuma, kati ya Aprili na Septemba, mawimbi huingia ghuba ya Malindi kwa nguvu, na vijana hutoka na mbao zao za kuteleza juu ya mawimbi. Sisi wa tiba ya viungo tunaufurahia mchezo huu. Kinachotusikitisha ni kwamba mwanafunzi huonyeshwa namna ya kusimama juu ya ubao tangu siku ya kwanza, ilhali kuanguka, jambo atakalolifanya mara nyingi kuliko lolote, huachiwa ajifunze kwa maumivu.

Tuanze na mkono, maana ndio unaotuponza. Mtu akipoteza mizani mkono hutangulia wenyewe, kiwiko kimenyooka na kiganja wazi, kisha uzito wote wa mwili ukaishia kwenye kifundo. Hapo huvunjika mfupa wa mkono karibu na kiganja, au kifupa kidogo kilicho chini ya kidole gumba. Hicho kidogo ni cha hila. Damu hukifikia kwa shida, hivyo huunga polepole, na ufa wake huweza usionekane kwenye eksirei ya kwanza. Ukianguka kisha ukahisi maumivu unapobonyeza kile kishimo cha nyuma ya kidole gumba, usiridhike kwa kuambiwa picha ni safi. Mkono ufungwe, urudi kupimwa tena baada ya siku kumi au wiki mbili.

Kwa wanaoendesha ubao wa magurudumu barabarani, dawa ni kujishusha mapema. Ukihisi mizani inakwenda, chuchumaa, kunja viwiko, kidevu kiguse kifua. Pokea ardhi kwa sehemu zenye nyama, yaani paja, tako na nyuma ya bega, halafu bingirika kimshazari kutoka bega hadi nyonga ya upande wa pili. Usijaribu kusimama papo hapo. Kubingirika ndiko kunakomaliza kasi. Lifanyeni zoezi hili kwenye mchanga, polepole, pande zote mbili, mpaka mwili ulizoee. Kofia ngumu na vikinga vya vifundo vya mikono visikosekane. Wapanda ubao wa theluji huko ng'ambo wamenufaika sana na vikinga hivyo.

Baharini hesabu ni nyingine, kwa kuwa hatari yetu kubwa ni kina kifupi. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mahali ulipoogelea maji yakiwa yamejaa, yakipwa mwamba uko chini ya magoti. Tena mvua za bara zikinyesha, mto Sabaki huleta tope na chini hakuonekani. Kwa hiyo uliza wavuvi maji yako wapi kabla ya kuingia, na ukianguka, anguka bapa: mgongo au ubavu, mwili umetandazwa juu ya maji. Kamwe usitangulize kichwa, wala usishuke kwa miguu iliyokakamaa, kwani goti na kifundo cha mguu haviwezi kushindana na matumbawe.

Halafu kuna ubao wenyewe. Majeraha mengi ya mawimbini hutokana na ubao wa mtu mwenyewe, hasa mapezi yake ya chini. Angukia nyuma ya wimbi au kando, usijiweke kati ya ubao na ufuo. Ukiwa chini ya maji funika kichwa kwa mikono yote miwili, na uibuke mkono mmoja umetangulia juu, kwani kamba ya mguuni ikivutika huurudisha ubao kwa kishindo.

Aliyegonga kichwa akazubaa, akatapika au akasahau kilichotokea, mchezo wake umekwisha siku hiyo, hata akisema yu mzima. Na anayelalamika shingo, au kufa ganzi mikono na miguu, asivutwe mkono kupelekwa ufuoni. Mshikeni watu kadhaa, uso juu ya maji, kichwa na kiwiliwili katika mstari mmoja, hadi kipatikane kitu kigumu cha kumlaza. Ubao wake unafaa. Asipakiwe kwenye bodaboda. Itwe gari la wagonjwa, na mtu mmoja akae kichwani pake akikishikilia kisigeuke mpaka wahudumu wafike.