Perlaji na giloshe: nakshi mbili zinazochanganywa kwa jina moja

Geuza saa ya mkononi yenye kioo mgongoni, au tazama dashibodi ya Bugatti Type 35, gari la mashindano la miaka ya 1920. Utaona bamba lililojaa maduara madogo yanayolaliana kama magamba ya samaki, na ukisogeza kichwa kidogo tu mng'ao nao unahama. Jina la Kiingereza la nakshi hizi, "engine turning", lina neno "injini" ndani yake, kwa hiyo wengi huamini limetoka kwenye injini ya gari. Sivyo. Zamani neno hilo lilimaanisha mashine ya aina yoyote, na iliyokusudiwa hapa ni mashine ya kukereza.

Asili ya jina haisumbui sana. Kinachosumbua ni kwamba limebebeshwa kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya kukwaruza, nayo huitwa perlaji kwa sababu maduara yake hufanana na lulu zilizopangwa. Ya pili ni ya kukata, nayo ni giloshe. Dashibodi ni perlaji. Uso wa saa wenye mawimbi au vipiramidi vidogo ni giloshe. Ndani ya mtambo wa saa hiyohiyo unarudi kwenye perlaji. Asiyezitofautisha hununua kifaa kisichofaa, au hulipia nakshi iliyogongwa kwa muhuri akidhani imekatwa kwa mkono.

Katika giloshe, kisu hakizunguki. Kazi yenyewe, yaani kipande kinachokatwa, ndiyo inayosogea. Uso wa saa hufungwa mbele ya mhimili ambao umevishwa sahani yenye ukingo wa mawimbi. Kidole cha chuma huegemea ukingo huo, na mhimili unapozunguka unayumba kufuata kila wimbi. Fundi huzungusha mpini kwa mkono mmoja na kusukuma kisu taratibu kwa mkono wa pili. Mzunguko mmoja hukata mstari mmoja. Kisu husogezwa kidogo sana, kisha mstari mwingine. Kuna pia mashine ya mistari iliyonyooka, ambayo kazi hupanda na kushuka badala ya kuzunguka. Fundi saa Abraham-Louis Breguet alianza kutumia nyuso za giloshe kwenye saa zake takribani mwaka 1786, na hakuzitaka kwa urembo tu: uso uliokatwa hauumizi macho kwa mng'ao, na michoro tofauti hutenganisha sehemu ya saa na sehemu ya sekunde bila kuongeza wino. Giloshe haina kifutio. Mkono ukitetereka kwenye mstari wa mwisho, uso wote ni wa kutupwa.

Kutambua iliyokatwa na iliyogongwa, chukua lenzi ya fundi saa inayokuza mara 10. Mstari uliokatwa una kuta zinazong'aa na matuta yenye ncha kali. Uliogongwa una matuta ya mviringo, kana kwamba yamepigwa msasa, na pembe zake hazijakutana vizuri.

Perlaji ni kinyume chake. Hapa bamba limetulia, na kijiti chenye kikwaruzo kinazunguka, kinashuka, kinagusa sekunde moja au mbili, kinainuka. Bamba linasogezwa, kinashuka tena. Kinachobaki ni mikwaruzo myembamba ya mviringo inayozunguka kitovu kimoja, isiyo na kina cha kuhisiwa kwa kidole. Mikwaruzo ya namna hiyo hurudisha mwanga kama mabawa mawili yanayokutana katikati ya duara, jambo unaloliona pia nyuma ya CD. Hapo pana kipimo rahisi cha stika zinazouzwa kama chuma halisi: weka bamba mezani chini ya taa moja, kisha lizungushe. Kwenye perlaji ya kweli mabawa hayazunguki, yanabaki yakielekea taa. Kwenye picha iliyochapishwa yanazunguka pamoja na bamba.

Mafundi saa huitia perlaji kwenye bamba kuu, mara nyingi upande ulio chini ya uso ambao mwenye saa hatauona maisha yake yote. Kwenye mashimo na kona hutumia vijiti vyembamba zaidi, hata vya chini ya milimita 1, na kazi yote hufanywa kabla bamba halijapakwa madini ya rodi au dhahabu. Husemwa kwamba maduara hunasa vumbi lisifike kwenye meno ya magurudumu. Huenda yakasaidia kidogo, lakini sababu nzito ni mbili: yanaficha alama za kisu kilichochonga bamba, na yanaonyesha kwamba kuna mtu aliyejali.

Kwenye vyombo vya usafiri, maduara ni makubwa na kazi ni ya karakana ya kawaida. Spirit of St. Louis, ndege ambayo Charles Lindbergh aliirusha kutoka New York hadi Paris mwaka 1927, ina pua ya alumini iliyotiwa maduara haya. Cord 810 ya mwaka 1936 iliyaweka kwenye dashibodi, na Pontiac ikayarudisha kwenye Trans Am za miaka ya 1970. Kwa bamba pana la alumini faida yake ni ya wazi: uso mtupu unaong'aa huonyesha kila mkwaruzo, uso uliokwisha kukwaruzwa kwa mpangilio huumeza.

Kwa anayetaka kuifanya, drili ya mezani inatosha. Chukua alumini ya milimita 1.5 hadi 2. Kata umbo na matundu ya geji kwanza, toa makali kwa tupa, kisha libandike bamba juu ya plaiwudi kwa utepe wa gundi pande mbili, kwa maana likibonyea hata kidogo duara litatoka nusu. Lisugue kwa msasa namba 400, umalizie na 600. Usitegemee maduara yafiche mkwaruzo mzito. Perlaji ina kina kidogo kuliko inavyoonekana. Kama alumini imetiwa anodaizi, yaani tabaka la kinga linalotengenezwa kwa umeme, tabaka hilo liondolewe kwanza, maana ni gumu kuliko alumini iliyo chini yake na maduara yatatoka yamepauka.

Kijiti kiwe cha mbao ngumu, kipenyo cha milimita 12, na kisitokeze nje ya taya za drili zaidi ya sentimita 3, kirefu hupinda. Kinyooshe uso wake kwa kukishusha kikizunguka juu ya msasa uliolazwa. Kikiwa kinayumba, kila duara litakuwa na ukingo maradufu, kama herufi iliyopigwa chapa mara mbili. Kikwaruzo ni pesti laini ya kusagia valvu iliyochanganywa na mafuta mepesi hadi ipate uzito wa asali. Mwendo wa mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika unafaa. Gusa sekunde 2, kwa uzito uleule wa mkono.

Hatua kati ya duara na duara ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Katikati ya kijiti chuma hakisuguliwi, kwa kuwa pale kasi ni sifuri, na hubaki nukta iliyofifia. Duara linalofuata ndilo linaloifunika, kwa hiyo hatua iwe pungufu kidogo ya nusu ya kipenyo: kwa kijiti cha milimita 12, sogeza milimita 5, na safu nazo zishuke milimita 5. Bamba la milimita 600 kwa 150 litakuwa na maduara 120 kwa safu 30, yaani 3,600. Kila moja likichukua sekunde 4 pamoja na kusogeza, hiyo ni saa 4 kamili bila kupumzika. Ni vyema kujua hesabu hiyo kabla ya kuanza kuliko kuigundua kwenye safu ya kumi.

Kila safu ianzie upande uleule. Anayeanza hupata kishawishi cha kwenda kulia, kisha kurudi kushoto ili aokoe muda. Kila duara hulalia lililotangulia na kuliacha umbo la hilali. Ukibadili mwelekeo, hilali za safu hiyo hutazama upande wa pili, na bamba zima huonekana kama lina mistari. Ukiligundua hilo umeshachelewa.

Ongeza pesti kabla haijakauka, na nyoosha kijiti kila baada ya safu moja au mbili. Ncha ikianza kuwa ya mviringo, maduara hupungua polepole hata usitambue hadi ulinganishe safu ya kwanza na ya ishirini. Ukimaliza, ondoa mafuta kwa thina, osha kwa sabuni, kausha, na usiguse kwa vidole vitupu. Pulizia vanishi isiyo na rangi, mikono miwili myepesi. Ikiwa nzito hujaza mikwaruzo, na mabawa ya mwanga hufifia.

Duara moja likiharibika katikati ya bamba, haliwezi kuzibwa peke yake. Ukilirudia, litalalia lililopaswa kulilalia, na jicho litalikuta mara moja. Inabidi urudie lile linalofuata, na linalofuata hilo, hadi mwisho wa safu, kisha safu zote za chini yake. Kwa hiyo kama kuna mahali ambapo unaogopa mkono utateleza, anza upande wa pili wa bamba, ili pafikiwe mwishoni.