Shofere wa Ngomo mbele ya theluji

Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, familia nyingi za Bukavu zenye watoto Ubelgiji zinaanza hesabu. Viza imepatikana, na kijana amesema kwenye simu kwamba Noeli hii atawapeleka wazazi kwa gari kutoka Brussels hadi milima ya Alps, upande wa Savoie, Ufaransa, zaidi ya kilomita 800. Hapo kila jirani anageuka mtaalamu wa theluji. Mengi anayoyasema ameyatoa kwenye matope yetu, nayo matope yanafundisha nusu ya somo.

«Aliyeshuka Ngomo wakati wa mvua, theluji itamfanya nini?»

Kuna ukweli hapa. Anayeteremka Ngomo, mteremko mkali wa barabara ya Bukavu kwenda Kamanyola, anajua kushuka kwa gia ndogo, injini ikishikilia gari ili breki zisichoke. Kwenye Alps ni vilevile. Mambo yanageuka wakati wa kupanda. Kwenye matope tunachukua kasi na kukanyaga, tairi ichimbe mpaka ikutane na udongo mgumu. Kwenye theluji, tairi inayozunguka bure inaisugua theluji mpaka inakuwa barafu, na gari linabaki palepale. Ondoka polepole, hata kwa gia ya pili, mguu ukiwa mwepesi.

Kusimama ndiko kugumu zaidi. Juu ya barafu gari linaweza kuhitaji nafasi mara kumi ya ile ya barabara kavu. Na barafu mbaya kuliko zote haionekani, kwani inafanana na lami iliyolowa. Inatangulia kwenye madaraja, ambako baridi inapita juu na chini.

«Tukodi 4x4, yamekwisha.»

Magurudumu manne yanayovuta yanasaidia gari kuondoka. Kwenye kusimama hayaongezi kitu, maana hata gari dogo lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kinachookoa ni tairi. Mpira wa tairi ya kawaida unakakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Ule wa tairi ya majira ya baridi unabaki laini. Ufaransa imeliweka hilo katika sheria: kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, katika maeneo ya milima yaliyotajwa, gari liwe na tairi nne za majira ya baridi, zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au libebe minyororo ya kufunga kwenye angalau magurudumu mawili yanayovuta. Gari kuwa na namba ya Ubelgiji hakukuondolei wajibu huo. Minyororo ifunguliwe na kujaribiwa nyumbani, mchana, vidole vikiwa na joto. Ile desturi yetu ya kupunguza upepo wa tairi ili zishike, iacheni Kivu: baridi yenyewe inashusha upepo, kwa hiyo upimeni na kuuongeza.

«Kule Bulaya barabara haifungwi.»

Tarehe 27 Desemba 2014, Jumamosi ya watu kwenda likizo, theluji iliangukia Savoie na magari yapatayo 15,000 yakakwama. Maelfu ya watu walilala kwenye kumbi zilizofunguliwa kwa ajili yao. Mashine za kusafisha barabara zipo, lakini nazo zinakwama kwenye foleni ileile. Hivyo blanketi, maji, chakula na tangi lililojaa viwe ndani ya gari, kama mnavyojiandaa mkiishika barabara mbovu ya kwenda Shabunda.

«Mkikwama, washeni injini mpate joto mpaka asubuhi.»

Hapa naomba msikilize sana. Theluji ikiziba bomba la moshi, kaboni monoksidi inaweza kuingia ndani ya gari. Watu wa Kivu tunaijua mazuku ya Goma na Sake, hewa isiyoonekana inayoua mbuzi na watu mabondeni. Ile ni kaboni dioksidi, nzito, inayojikusanya chini, na mtu akipanda juu anaweza kupona. Hii ya gari ni nyingine: uzito wake unakaribia ule wa hewa ya kawaida, inaenea ndani ya gari lote, haina harufu, na aliyelala haamki. Ondoeni kwanza theluji kwenye bomba, washeni dakika kumi hivi kila saa, fungueni dirisha kidogo upande usio na upepo, na mtu mmoja abaki macho.

Kikombe cha lotoko, pombe yetu kali ya kienyeji, hakisaidii. Pombe inasukuma damu joto kwenye ngozi. Unahisi joto huku mwili unalipoteza.

«Sisi ni watu wa mlimani, baridi tunaijua.»

Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi. Chamonix, mji maarufu chini ya Mont Blanc, uko kwenye mita 1,035 tu. Kimo si hoja: wao wako mbali na ikweta, na mwezi huo jua lao liko chini na linazama mapema. Sisi theluji yetu tunaipata Rwenzori, karibu na kilele cha Margherita, mita 5,109.

Wajukuu nao wasifungwe kwenye viti vyao wakiwa na makoti manene. Gari likigonga, koti linabonyea, mkanda unalegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mfungeni na sweta, kisha mfunikeni koti kwa juu.